Kichwa cha Baba Mkwe

Kila Jumamosi asubuhi, kinyozi aliyeitwa Hiari alikuwa anafuta kiti chake mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya wateja wote. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya baba mkwe wake peke yake.

Mzee huyo alikuwa na mtoto wa kiume ambaye naye ni kinyozi, na duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wa Hiari. Lakini kila Jumamosi mzee alilipita duka la mwanawe wa kumzaa, akampungia mkono, akavuka barabara na kuja kuketi kwa mkwe. Hiari hakuwa na kitu alichokipenda kama safari ile fupi ya kuvuka barabara. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe, lakini wiki nzima aliisubiri.

"Kwa mwanangu naenda kula," mzee alizoea kusema huku akiinua kidevu ili afungwe shuka. "Kwa mkwe naja kunyolewa. Yule mtoto nampenda, ila wembe wake sijui jana ulilala wapi."

"Usiseme hivyo, baba. Shemeji anajitahidi."

Alisema hivyo kwa adabu zote, na moyoni alikuwa kama mtu aliyelambishwa asali.

Jina la Hiari alipewa na wateja. Hakuwa na kawaida ya kumgusa mtu bila kumwuliza. Mteja akishaketi, Hiari alimwonyesha mashine na kusema, "Niingie?" Akifika masikioni anauliza tena. Akishika wembe anasimama kabisa, anaufungua mpya kutoka kwenye karatasi yake mteja akiona, kisha anasema, "Nipitishe?" Mpaka ajibiwe, mkono haushuki. Wageni walidhani ni mzaha. Wenyeji walishazoea, na wengine walimtania kwamba hata mkewe siku ya harusi alimwuliza mara tatu.

Tabia ile ilikuwa na mzizi. Alipokuwa mtoto, shuleni kwao kuliwahi kuzuka ugonjwa wa ngozi ya kichwa. Wakaja watu kutoka serikalini na mikasi, wakawapanga watoto mstari, wakawanyoa wote, wagonjwa na wazima. Dada yake alikuwa mzima. Nywele zake alikuwa amesukwa na mama yao jioni ya jana yake, kazi ya saa nyingi. Alisema, "Mimi sina," akaonyesha kichwa, na mtu mwenye mkasi akamjibu, "Ni amri," akakata. Hiari hakukumbuka ugonjwa ule uliishaje. Alikumbuka dada yake akiokota nywele zake chini na kuzikusanya kwenye sketi.

Kwa hiyo alipokua na kuwa fundi, alikuwa na maoni yake kuhusu serikali na miili ya watu, na hakuyaficha. Kiti cha kinyozi ni mahali pazuri pa kutoa maoni, kwa sababu anayekusikiliza ameshika pumzi.

"Serikali kazi yake ni kukamata mwizi na kujenga barabara," alikuwa anasema. "Mwili wangu si barabara. Waje waniambie hiki kizuri, hiki kibaya, nitawasikiliza, mimi si mjinga. Wakishaniambia, waniache niamue. Mtu mzima huelimishwa, hasukumwi."

"Na akikataa kuelimika?" fundi viatu wa jirani angemchokoza. Huyu alikuwa rafiki yake, mtu wa kunyolewa kidogo na kuongea sana.

"Akikataa ni shauri lake."

"Na akiniambukiza mimi?"

"Hapo amekudhuru. Mshtaki. Lakini usimfunge kamba mtu ambaye bado hajakudhuru, eti kwa sababu anaweza."

Na kwa upande wake Hiari alikuwa na haki ya kusema, maana hakuna aliyemlazimisha kuwa msafi. Nyuma ya pazia dukani kwake palikuwa na jiko na sufuria kubwa, na humo alichemsha mikasi, vitana vya chuma na mipini ya wembe, kila asubuhi na tena mchana. Meno ya mashine aliyafuta kwa spiriti. Taulo hakuzirudia. Alifundishwa hivyo na fundi wake wa zamani, na akaendelea kwa kupenda mwenyewe, wakati vinyozi wenzake mjini walikuwa wanafuta mashine kwenye paja la suruali.

Mmoja wa hao wa paja la suruali alikuwa shemeji yake. Huyo walimwita Chapuchapu. Alikuwa mfupi, mcheshi, redio yake iko juu kutwa nzima, na kichwa kwake kilimalizika kabla wimbo haujaisha. Wateja wake walikuwa vijana wenye haraka. Hiari alimwona kila siku bila kugeuka, kwa sababu kioo chake kikubwa kilitazama mlango, na mlango ulitazama ng'ambo. Akinyoa mtu huku, alikuwa anamwangalia Chapuchapu akinyoa kule. Aliona mashine ikipita kichwa hadi kichwa, ikifutwa suruali, ikipita tena. Alitikisa kichwa. Lakini kichwa kile kilikuwa kinatikisika kwa raha.

Kisha ikaja homa ya ini.

Watu kadhaa mtaani walianza kuwa na macho ya manjano. Mwenye duka la simu akalazwa. Maneno yakazagaa kwamba ugonjwa unapita kwenye damu, na kwamba baadhi ya wagonjwa huenda waliupata kwa kinyozi. Halmashauri ikatoa amri: kila kinyozi achemshe vifaa, kila mteja na wembe wake mpya, mkaguzi aingie aangalie, na atakayefaulu apewe kadi ya kijani ya kutundika mlangoni. Mwisho wa mwezi, duka lisilo na kadi litafungwa.

Aliyetumwa kukagua mtaa ule alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba na mkoba mzito. Watu wakamwita bibi afya. Alifika kwa Hiari siku ambayo fundi viatu alikuwa kitini, nusu ya uso imejaa povu.

"Hodi, fundi."

"Karibu, dada. Unasuka au unanyoa?"

"Nakagua."

"Basi ile karibu naomba nirudishiwe. Ilikuwa ya mteja."

Fundi viatu alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni. Bibi afya hakucheka, wala hakukasirika. Alibaki kizingitini.

"Nitasimama hapahapa," alisema. "Amri inaniruhusu kuingia. Lakini nimesikia kwako watu huulizwa kwanza."

Hiari alishusha mkono. Hakulitegemea jibu hilo, na halikumpendeza, kwa kuwa lilimnyima hasira aliyokuwa ameiandaa.

"Dada, mimi nachemsha vifaa tangu nilipoanza kazi hii. Sikuanza kwa ajili ya serikali, na serikali haikuwepo kunishukuru. Leo mnataka nifungue pazia nionyeshe sufuria kama mtuhumiwa. Nimemdhuru nani?"

"Hujamdhuru mtu. Nimeuliza mtaa mzima, wote wanakusifu."

"Basi niache."

"Nikikuacha wewe, nimwache na nani mwingine? Anayeketi kwenye kiti amekubali kunyolewa, fundi. Hakukubali kupewa ugonjwa. Na ugonjwa huuoni kwenye wembe kwa macho."

"Mshtakini anayeambukiza."

"Homa hii inaweza kukaa mwilini miaka bila mtu kujua. Akija kuugua, atamshtaki kinyozi yupi kati ya wote waliomnyoa?"

Hiari alifungua wembe mpya, akaufunga kwenye mpini. "Basi waelimisheni," alisema mwishowe. "Waambieni watu wachague kinyozi msafi. Mchafu atafunga mwenyewe kwa kukosa wateja. Amri ya nini?"

"Ningekuwa na vinyozi wote kama wewe ningekuwa nimelala nyumbani saa hizi."

"Ndilo ninalosema."

"Ila sina," alisema bibi afya, akahamisha mkoba bega la pili. "Mwisho wa mwezi, fundi. Ukinikaribisha nitaingia. Usiponikaribisha, sitapenda kitakachofuata, ila nitakifanya."

Akavuka barabara. Katika kioo, Hiari alimwona Chapuchapu akizima redio, akifuta kiti kwa fulana yake, akimpokea bibi afya kama vile amekuja kuposa.

Siku chache baadaye kadi ya kijani ikatokea mlangoni kwa Chapuchapu. Aliitundika kwa msumari mmoja, ikakaa upande. Akasimama chini yake, mikono kiunoni.

"Shemeji," aliita kutoka ng'ambo, "na wewe lini?"

"Nikipenda."

"Penda haraka basi, mwezi unaisha."

Mtaa ukacheka. Hiari naye alicheka, kisha akarudi ndani, akasimama nyuma ya pazia mbele ya sufuria yake iliyokuwa inatokota, roho ikimuuma kwa namna ambayo hakuwahi kuumwa. Angeweza kustahimili kuitwa mkaidi. Kilichomkaba ni kwamba mtu aliyekuwa anafuta mashine kwenye suruali mwezi uliopita, leo alikuwa na cheti cha usafi, na watu walikisoma kile cheti kana kwamba alizaliwa nacho. Usafi uliokuwa wake peke yake sasa uligawiwa mtaani bure kama vipeperushi. Waliolazimishwa na aliyependa mwenyewe walitiwa kapu moja, na yeye aliyependa ndiye aliyeonekana mchafu.

Wateja wakaanza kuvuka. Hawakusema neno. Walipita tu wakiangalia simu zao kwa makini sana.

Jumamosi ikafika. Hiari alifuta kiti mara mbili. Mzee akatokea mwisho wa mtaa na fimbo yake, akatembea taratibu, akafika mbele ya duka la mwanawe. Alisimama. Akaiangalia kadi. Kisha akainamisha kichwa kupita chini ya mlango, akaingia.

Fundi viatu alikuwa kitini kwa Hiari wakati huo. "Nipitishe?" Hiari alikuwa ameuliza, na fundi viatu alikuwa amejibu, "Pitisha," lakini mkono haukushuka. Hiari alikuwa amesimama na wembe hewani, macho kwenye kioo. Aliona shuka ikifungwa shingoni mwa mzee, imegeuzwa ndani nje. Aliona kile kisogo alichokijua kuliko kisogo chake mwenyewe, na kovu lake dogo la utotoni upande wa kushoto. Alimjua mzee yule kwa kichwa. Alijua nywele zake zinalala upande gani, wapi pana kigongo, wapi panamtekenya. Na Chapuchapu, ambaye hajui lolote kati ya hayo, aliweka mkono wake pale juu kama mtu aliyeshika embe sokoni.

"Nimesema pitisha," alikumbusha fundi viatu. "Au unasubiri serikali itoe kibali?"

Hiari alipitisha wembe bila kuurudisha utani ule. Ilikuwa mara ya kwanza.

Jumapili nzima alikuwa mzito. Mkewe alimwuliza kama anaumwa, akasema hapana. Jumatatu, wateja walipokwisha, akatoka nyuma ya duka akiwa na simu, akasimama karibu na pipa la taka, akapiga namba iliyokuwa imeandikwa chini ya tangazo la halmashauri. Alijikuta anaongea kwa sauti nzito isiyokuwa yake.

"Kuna kinyozi mtaani kwetu anahatarisha watu. Anaonyesha usafi wakati wa kukaguliwa tu. Mkitoka anarudi kwenye suruali. Nendeni bila kumwambia, mtamkamata."

"Duka lipi?" iliuliza sauti ya mwanamke.

Akalitaja.

"Na wewe ni nani?"

"Raia mwema."

"Haya, ahsante, fundi," ilisema sauti ile, na simu ikakatwa.

Alisimama pale karibu na pipa akihisi masikio yanawaka. Mtu aliyesema miaka yote kwamba serikali isiingie dukani kwa mtu, alikuwa ameiita mwenyewe, kwa siri, iingie dukani kwa mtu. Alijitetea kwamba Chapuchapu ni tofauti. Huyo kweli alikuwa hatari. Akajirudia hilo njia nzima ya kurudi dukani, na kila alipolirudia lilipungua uzito.

Kesho yake bibi afya alikuja bila taarifa. Alipita mlangoni kwa Hiari bila kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja ng'ambo. Hiari hakuwa na mteja, lakini alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo, huku akikiangalia zaidi ya kukifuta. Alimwona Chapuchapu akishtuka, kisha akitabasamu. Alimwona akivuta pazia jipya. Nyuma yake palikuwa na jiko, na juu ya jiko sufuria inayofuka mvuke. Chapuchapu alinyanyua mfuniko kwa kitambaa. Bibi afya aliinama, akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Wakaongea. Akampa mkono.

Macho ya Hiari yalibaki kwenye mfuniko. Ulikuwa wa buluu, na ukingoni ulikuwa umebanduka rangi mahali pamoja, umbo la jani. Alikuwa anaujua ule mbanduko. Yeye ndiye aliyeuangusha mfuniko huo jikoni kwake, mwaka aliooa.

Alifunga duka mapema. Mkewe alikuwa uani anaanua shuka za kunyolea. Yeye ndiye aliyezifua na kuzipiga pasi siku zote.

"Sufuria yetu ya mfuniko wa buluu iko wapi?"

Mkewe alikunja shuka, pembe kwa pembe, bila haraka. "Kwa kaka yangu."

"Inafanya nini huko?"

"Umeiona, ndiyo maana unauliza. Inachemsha mikasi."

"Nani kamfundisha?"

"Mimi. Alikuja hapa baada ya ile amri amechanganyikiwa, hajui maji yachemke muda gani, hajui kipi kinaingia kwenye maji na kipi spiriti. Nimekuona wewe unafanya miaka yote, nikamwambia."

"Kazi yangu, kutoka nyumbani kwangu, unaipeleka ng'ambo."

"Kwa ndugu yangu. Ni ng'ambo ya barabara, si ng'ambo ya bahari."

Hiari aliketi kwenye kigoda. Alitaka kusema mengi kuhusu uaminifu, lakini mkewe alikuwa hajamaliza, na alipoanza hakupandisha sauti.

"Mume wangu, mimi nakubaliana na wewe kwa mengi. Hata mimi sipendi mtu wa kuniamrisha. Lakini nieleze kitu kimoja. Miaka yote unasema watu waelimishwe, wasilazimishwe. Sawa. Wewe umemwelimisha nani?"

"Nawaambia wateja kila siku."

"Wateja ni wako. Namuulizia kaka yangu. Ulikuwa unamwona kwenye kioo anafuta mashine kwenye suruali. Uliniambia mwenyewe ukiwa unacheka. Ulivuka lini ukamwambia, shemeji, usifanye hivi, fanya hivi? Ungemwambia angekusikiliza. Anakuogopa wewe kuliko anavyomwogopa baba."

Hiari alitazama chini.

"Hukumwambia," mkewe alisema, "kwa sababu ulikuwa unautaka ule uchafu wake. Ulikuwa unakufaa. Sasa wamekuja watu kumwambia kwa amri yale ambayo ungemwambia kwa wema, halafu unanuna kwamba wametumia amri." Akaweka shuka ya mwisho juu ya rundo. "Na jana ulimpigia simu nani, nyuma ya duka, na sauti ya mgonjwa wa mafua? Fundi viatu alikuwa anamwaga maji machafu pale pembeni. Nisingesema, ila usidhani hujaonekana."



Siku iliyofuata mzee alikuja dukani. Haikuwa Jumamosi, na hakuja kunyolewa. Kichwa chake kilikuwa bado kipya kutoka ng'ambo. Hiari alivuta kiti cha wageni na kujizuia asitazame kisogo.

"Nimekuudhi, mkwe," mzee alisema alipokwisha kukaa.

"Hapana, baba. Kichwa ni chako."

"Umejibu vizuri, ila uso wako hausemi hivyo." Mzee aliegemeza fimbo ukutani. "Unafikiri nilifuata kile kikaratasi cha kijani. Mimi kusoma kwenyewe siku hizi ni kwa kubahatisha. Nikueleze. Yule mtoto tangu afungue duka hajawahi kuniomba niketi kwenye kiti chake. Alikuwa ananiona napita, ananipungia mkono, anainama. Nilidhani hajali. Kumbe alikuwa anaona haya. Wiki ile alikuja nyumbani, akasimama mlangoni kama mgeni, akaniambia, baba, sasa njoo. Ungekuwa wewe, ungekataa?"

Hiari alisema, "Nisingekataa."

"Amenikata hapa." Mzee aligusa nyuma ya sikio. "Kidogo tu. Wembe ulikuwa mpya lakini, aliufungua naona. Na aliniuliza kwanza. Sijui alijifunzia wapi kuuliza."

Mzee akachukua fimbo yake na kuondoka. Hiari alibaki amesimama katikati ya duka tupu. Wivu haukuwa umemtoka. Ungemtoka angefurahi, lakini haukutoka, ulibadili tu mahali pa kukaa. Mwanzo alimwonea Chapuchapu wivu kwa sababu ya kadi, kisha kwa sababu ya wateja. Sasa alimwonea kwa sababu alikuwa mwana, na hilo hakuna kinyozi anayeweza kulichemsha likatoka.

Siku ya mwisho ya mwezi, asubuhi, watu wa mtaa waliona kitu kipya. Hiari alikuwa amelitoa jiko nje, barazani, mbele ya mlango wake, na juu yake sufuria inatokota bila mfuniko, mikasi na vitana vikicheza ndani. Benchi la wateja alilisogeza karibu.

"Unauza supu?" aliuliza fundi viatu.

"Nauza macho. Anayetaka kuona, aone. Sijamkataza mtu kupita barabarani."

Watu wakasimama. Wengine walikuwa wamenyolewa kwake miaka, na hawakuwahi kujua nyuma ya pazia kuna nini. Chapuchapu naye akavuka, mikono imejificha mifukoni. Alitazama kwenye maji kwa muda.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo ambayo redio yake haikuwahi kumruhusu kuwa nayo, "mikasi yangu inashika kutu. Nachemsha kama nilivyoambiwa na dada, lakini siku ya pili inakwaruza. Ya kwako inang'aa. Unafanyaje?"

Hilo mkewe hakuwa analijua, kwa sababu Hiari alilifanyia dukani, nyuma ya pazia, peke yake. Lilikuwa jambo la mwisho lililobaki kuwa lake. Angeweza kusema ni aina ya chuma. Angeweza kusema ni bahati. Aliyatazama maji, akamtazama shemeji, akayatazama maji tena.

"Usiuache mkasi upoe ndani ya maji," alisema hatimaye, kwa kununa. "Utoe ungali moto, ufute ukauke kabisa, ufungue, tia tone la mafuta hapa kwenye ungio. Tone moja, usimwage kama unakaanga."

"Tone moja."

"Na taulo usirudie."

"Sirudii."

"Niliwahi kukuona ukirudia."

"Zamani hizo, shemeji," alisema Chapuchapu, akacheka, na Hiari hakuona sababu ya kucheka ila alijikuta ameachia tabasamu upande mmoja.

Bibi afya alipita kabla ya adhuhuri. Alisimama barabarani, si barazani. Aliangalia sufuria, akaangalia spiriti na nyembe zilizopangwa juu ya meza ndogo.

"Nimeona," alisema. "Hujanialika, na mimi sijaingia."

"Barabara ni ya serikali," alisema Hiari. "Hapo sina ugomvi."

"Maoni yako bado ni yaleyale?"

"Yaleyale. Ningemwambia shemeji mapema, kadi yako isingehitajika hapa."

"Lakini hukumwambia."

"Sikumwambia," alikubali. "Hilo ni langu. Halikufanyi wewe uwe na haki."

Bibi afya aliufikiria mkoba wake, au pengine alikuwa anayafikiria yale maneno. Kisha akatoa kadi ya kijani, akaiweka juu ya benchi, pembeni, kama mtu anayesahau kitu. "Kuhusu simu ya raia mwema," alisema, "sijaiandika popote." Akaenda zake.

Kadi ilikaa benchini mpaka jioni. Watu waliikalia mbali. Wakati wa kufunga, Hiari aliichukua, akaigeuzageuza, akaipiga misumari minne mlangoni, pembe zote, ikakaa sawasawa. Kisha akasimama kizingitini na kuitazama ile ya ng'ambo iliyopinda, na usiku huo akalala vizuri kiasi.

Jumamosi alifuta kiti mara moja tu, halafu akarudia. Mzee alitokea mwisho wa mtaa na fimbo yake. Alipofika kati ya maduka mawili alisimama. Redio ya Chapuchapu ilipungua. Hiari alikuwa na mteja, na mteja huyo aliulizwa mara mbili kama yuko tayari, hali alishajibu.

Mzee akaingia kwa mwanawe. Hiari aliona kila kitu kwenye kioo na hakutaka kuona chochote. Lakini baada ya muda mzee alitoka, kichwa kimenyolewa, ndevu bado zipo. Akavuka barabara kwa mwendo wake uleule wa taratibu, akaketi kwenye kiti kilichofutwa mara mbili, akainua kidevu.

"Kichwa kwa mwanangu," alisema, "ndevu kwa mkwe. Msinigawanye zaidi ya hapo, sina viungo vingi."

Hiari alifunga shuka. Alipaka povu, akafungua wembe mpya mzee akiona. "Nipitishe?"

"Pitisha."

Alinyoa kwa utulivu kuliko siku zote. Na alipokuwa anamaliza, macho yakapanda yenyewe kwenye kile kisogo. Alikikagua kama bibi afya anavyokagua. Kazi ilikuwa nzuri. Haikuwa na mkato wala kiraka, na kile kigongo kilikuwa kimepitwa kwa uangalifu. Ila nyuma ya sikio la kulia, pale panapomtekenya mzee, palikuwa pamebaki nywele chache, kama mvi tatu nne, zimesimama. Mkono wa Hiari ulisogea. Pigo moja tu la wembe, na kichwa kile kingekuwa tena kazi yake.

Aliuzuia hewani.

"Baba, hapa nyuma ya sikio pamebaki kidogo. Nipitishe?"

Mzee alifungua jicho moja, akamtazama ndani ya kioo, kisha akatazama ng'ambo, ambako Chapuchapu alikuwa anafagia huku akijifanya haangalii.

"Hapana," alisema mzee. "Paache hivyohivyo."

Hiari alisimama na wembe wake. Zile nywele chache zilikuwa palepale mbele ya macho yake, rahisi kabisa, na hakuna duniani ambaye angejua. Akaurudisha wembe mezani, akaanza kupangusa povu.